Kidole Kimoja Kipite

Tulilinunua kwa Mjerumani aliyechoshwa na joto:
gari-nyumba la mwaka themanini na nne,
rangi ya maziwa yaliyoungua,
jiko la gesi la macho mawili, meza ya kukunja,
pazia za maua, na benchi la mbao
lililokaa ubavu, kama baraza.
Hamdan alilipanda kabla hatujalipa.
Mie nikapekua chini ya magodoro
nikitafuta mkanda.
Nikapata senti za kigeni, kiberiti, na mchanga.

Baba mkwe akasimama mlangoni, bakora mkononi:
"Mikanda ya nini? Sie tukipanda nyuma ya pikapu
Ibra mpaka Sinaw, juu ya magunia ya ndimu kavu,
watoto saba na mbuzi. Na tupo."

Na tupo.
Neno hilo husemwa na waliopo.
Sleyum, mdogo wake, hasemi.
Picha yake iko ukutani kwa Bi Zamzam,
kanzu imemzidi, jino la mbele halijaota,
na hakuna anayeuliza
kona ile ya Mudhaibi ilikuwa ya kulia au ya kushoto.

Sikumjibu. Mkwe hajibiwi.
Nikaenda Sanaiya.

Fundi Basheer alilala chini ya gari, tochi mdomoni,
akagonga kwa bisibisi: ti, ti, ti,
kisha pu.
Akatoka na kutu kwenye nyusi.
"Mama Hamdan, hapa pameoza.
Nikikufungia mkanda kwenye sakafu hii
nitakuwa nimekuuzia utepe."
Na benchi?
"Benchi ni sanduku la nguo. Gari likigonga, ni kuni.
Tena mtoto hakai ubavu. Shingo haikuumbwa hivyo."

Wiki tatu.
Tuling'oa benchi. Tuling'oa na meza,
ambayo nilikwisha kuiona, asubuhi, na kahawa na halua juu yake.
Viti viwili vilitoka kwenye basi dogo lililokufa Nizwa,
vinatazama mbele, mikanda yake mwilini mwake;
chini yake bamba la chuma pana kama sinia,
bolti zimepenya mpaka uti wa mgongo wa gari.
Mtungi wa gesi tukaufunga minyororo kama mwizi.
Pesa za Salala zikaishia hapo.
Baba mkwe alizihesabu kwa sauti, riali kwa riali.

Ijumaa, baada ya sala,
tukaenda uwanja wa mbio za ngamia, hapana mtu.
Nilikuwa na matikiti mawili, kila moja kilo kumi na moja,
uzito wa Thureya akiwa ameshiba.
Moja nililifunga kitini. La pili nikaliacha huru.
Muhsin akaendesha mwendo wa kwenda dukani,
nikapiga kelele: breki!

Lililofungwa lilitikisa kichwa tu.
La pili lilipaa,
likalikuta jiko.

Hamdan alichungulia wekundu ule wote,
akasema, "Hili halikufunga mkanda."
Hakuna aliyecheka.
Baba mkwe alipiga magoti, akaanza kuokota mbegu,
moja moja, kiganjani,
na sakafu ilipokwisha safi bado anaokota.
"Ya kushoto," akasema.
"Kona ile ilikuwa ya kushoto."

Leo alfajiri tunakwenda Ras al-Hadd, hapo karibu tu,
kwa pesa zilizobaki.
Birika kabatini, kabati limepigwa komeo.
Yeye ndiye anayewafunga.
Anavuta mkanda, anauingiza kidole begani pa Hamdan:
kimoja kipite, cha pili kikatae.
Vidole vyake vinene; anavuta tena.
Kisha anahamia kwa Thureya,
ambaye kiti chake kimegeukia nyuma
na haoni tuendako.
Yeye anaiona Ibra tu, ikipungua,
na kila mlima unaompita
anaupungia mkono.